Kitabu Kilichochoka

3 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Mama pia. Ningekupigia simu, lakini najua ungeniambia kwamba mambo ya maana huandikwa, na kwamba kwenye simu watu husema kwanza, wakafikiri baadaye. Haya, nimefikiri, nimeandika.

Ndani ya bahasha hii utakuta kitabu cha mfano. Usiujali uchafu wake. Nimekikata na kukishona mwenyewe kwenye meza ya kulia, na gundi imevuja juu ya jalada. Kina kurasa thelathini na mbili, kama vyote nilivyowahi kuvichora. Katika vitabu ishirini na viwili niliwachorea watu wengine hadithi zao. Hiki cha ishirini na tatu ni hadithi yangu, na maneno yake naomba uyaandike wewe. Mimi maneno hunikimbia, unajua.

Kinaitwa Kitabu Kilichochoka. Utamwona Mama, bado kijana, amerudi kutoka ile nyumba ya wageni alikokuwa akifua mashuka, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Utatuona sisi wawili, wewe wa miaka minane, mimi wa mitano, tumembana huku na huku. Na utakiona kitabu cha bata, kile alichokisahau mgeni chini ya kitanda, Mama akaambiwa akichukue.

Nakikumbuka vizuri kuliko ninavyoukumbuka uso wangu wa utotoni. Bata, kofia nyekundu, upepo, mtu wa baiskeli. Mama alitusomea kila alasiri, na kila alasiri kilikuwa kitabu kingine. Leo bata alikuwa njiani kwenda kuushtaki upepo. Kesho yule mtu wa baiskeli alikuwa shemeji yake bata, na hawakuwa wakisemeshana tangu siku ya harusi. Niliamini kwamba kitabu kikifungwa, waliomo ndani huendelea na shughuli zao, na kwamba Mama akikifungua anatueleza wamefikia wapi. Baadaye nilikuja kujua kwamba Mama hakujua kusoma. Imani yangu haikutoka hata hivyo. Mpaka leo, nikiingia duka la vitabu, nakwenda moja kwa moja kwenye kona ya watoto, najikunja juu ya vile viti vyao vifupi, na kabla ya kufungua kitabu nakishika kwanza kwa mikono miwili kikiwa kimefungwa, nasikiliza. Wauzaji wamenizoea. Mmoja huniita Bibi Chekechea.

Ukurasa wa mwisho unaujua. Kwenye picha ya mwisho bata alibaki kichwa wazi, nikamwonea huruma, nikamchorea kofia kwa penseli yako. Kesho yake nikatumwa sabuni dukani. Niliporudi, kitabu kilikuwa juu ya kabati, na Mama akasema kimechoka. Hakukishusha tena. Nilikuuliza nyuma ya nyumba, karibu na kamba za nguo: ni kwa sababu ya kofia? Ukasema ndiyo.

Basi nimechora hivyo hivyo. Mama amenyoosha mkono juu ya kabati, mtoto amesimama chini na penseli mkononi. Mchapishaji anataka kila kitu kabla ya katikati ya Aprili. Kurasa mbili za katikati, ya kumi na sita na ya kumi na saba, ziache bila maneno.

Mbusu Mama kwa niaba yangu. Najua hupendi kubusu watu, lakini jitahidi.

Mdogo wako,
Kidoa

*

15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Kitabu cha mfano kimefika, pamoja na gundi yake.

Tuko salama. Mama anakula vizuri na analalamika vizuri. Macho yake sasa yanatofautisha dirisha na ukuta, basi. Daktari amesema hakuna la kufanya. Nilipomwambia una barua, aliniuliza kama bado una madoa vidoleni, maana ndiyo yaliyokupa jina. Nilimsomea salamu zako. Mengine sikumsomea.

Nimeifanya kazi yako kwa siku nne na maneno nimeyaambatisha. Nimejitahidi yawe mafupi na sahihi. Kwenye ukurasa wa tisa mguu wa Mama umemezwa na mkunjo wa katikati. Mtoto atadhani bibi huyu ana mguu mmoja. Kwenye ukurasa wa ishirini na moja saa ya ukutani inaonyesha saa tatu, na kivuli cha kiti kinaonyesha alasiri. Chagua moja. Kurasa mbili ulizotaka ziachwe wazi nimezitilia sentensi tatu, kwa sababu mnunuzi atakayezikuta tupu atadhani kiwanda kimekosea.

Kuhusu ukurasa wa mwisho, nina shaka. Mtoto wa miaka mitano hapaswi kubebeshwa jambo kubwa kiasi hicho mbele ya wasomaji. Mwondolee penseli. Kitabu kinaweza kuchoka chenyewe, vitabu huchoka. Au mvua iingie ndani na kukilowesha. Wewe ni mchoraji, hutakosa la kuchora.

Mama nimembusu. Aliuliza kama ninaumwa.

Kaka yako

*

24 Machi

Kaka,

Shikamoo tena. Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mguu nimeurudisha, saa nimeifuta.

Maneno yako ni mazuri. Ni mengi, lakini ni mazuri. Umepata sauti ya Mama mahali ambapo sikutegemea, pale anaposema, “Kaeni, tuone leo bata amejitia wapi.” Uliwezaje kulikumbuka hilo? Nilipolisoma ilinibidi niweke brashi chini.

Sasa tugombane. Kurasa zile mbili usizitie maneno. Sikiliza, Mwalimu Nukta, maana wanafunzi wako hawakukosea kukupa jina hilo: huwezi kuona nafasi bila kuiwekea kitu mwishoni. Kwenye kitabu cha picha, maneno hayatakiwi kusema kilichokwisha kuonekana. Picha ikionyesha mvua, maneno yanyamaze kuhusu mvua, yaseme habari ya yule aliyesahau mwavuli. Na kuna mahali ambapo maneno hutoka nje kabisa, kama watu wazima wanavyotoka chumbani watoto wanapocheza. Mtoto aliyepakatwa hapo ndipo anapoanza kusema mwenyewe. Nimekaa mara nyingi kwenye chumba cha kungojea cha zahanati yetu, ambako nimeacha vitabu vyangu kikapuni, nikawatazama. Mama mtu akifika kwenye ukurasa usio na maneno, hunyamaza, na mtoto huweka kidole juu ya picha na kuanza: “Huyu hapa, halafu huyu hapa…” Sijaona kitu kizuri kuliko hicho. Ni kwa ajili ya sekunde zile nimeinama mezani miaka thelathini na shingo yangu imegeuka mbao.

Tena zitazame picha zile mbili. Nahisi umezipima tu ukubwa.

Kuhusu penseli, hapana. Nitakwambia jambo ambalo hujaliona, na hakuna aliyeliona. Katika vitabu vyangu ishirini na viwili hakuna mtoto hata mmoja aliyeshika penseli. Watoto wangu hushika ndoo, mwavuli, kamba ya mbuzi, mkia wa paka. Mara moja mwandishi aliandika waziwazi kwamba msichana anaandika barua. Nikamchora amelala kifudifudi na mkono chini ya kifua, usionekane. Mikono yangu ilikataa. Mwaka huu, katika miaka yangu hamsini na saba, ndipo imekubali. Usiniambie niiondoe.

Ila kama kuna sababu nyingine, iseme. Wewe husema wazi siku zote, hata pale ambapo watu wangependa unyamaze.

Kidoa

*

2 Aprili

Mdogo wangu,

Sentensi tatu nimezifuta. Kurasa zibaki zilivyo.

Kuhusu penseli, narudia ushauri wangu. Pia naomba kitabu hiki Mama asisomewe, wala asielezwe kinahusu nini. Utaniuliza sababu. Naomba usiulize kwa sasa. Nitakuandikia kwa kirefu baada ya pilikapilika za kupaka nyumba rangi.

Mama anakusalimu.

Kaka yako

*

8 Aprili

Kaka,

Sikuuliza. Nimeielewa mwenyewe.

Unaona aibu. Umefundisha watu kusoma na kuandika miaka thelathini na sita, umestaafu kwa heshima, na sasa dada yako anataka kuutangazia ulimwengu kwamba mama wa Mwalimu Nukta alikuwa akiweka dole gumba. Ndiyo maana hutaki hata yeye asikie. Unamficha Mama kitabu chake mwenyewe.

Nilidhani tumekwisha kuwa watu wazima. Huyo mwanamke alitusomea kwa kinywa kitupu, akatulisha hadithi mia mbili kutoka kitabu cha kurasa kumi na mbili. Mimi ni mchoraji kwa sababu yake. Ningekuwa nimejifunza kusoma kwanza, ningekuwa karani.

Kazi nimeikabidhi leo, picha zote, na penseli imo. Kinaingia mtamboni tarehe kumi na nane. Endelea kupaka nyumba rangi.

Kidoa

*

11 Aprili

Mdogo wangu,

Nyumba haipakwi rangi. Huo ulikuwa uongo, na si wa kwanza.

Sina aibu na Mama. Aibu niliyo nayo inanihusu mimi, na ni ya zamani. Nitaieleza kwa mpangilio, kwa sababu nikianza kuipamba nitaiharibu.

Siku ile ulipotumwa sabuni, mimi nilikuwa nimetoka shule. Nilikuwa darasa la pili na mwalimu alikuwa amenisimamisha mbele ya wenzangu kwa kusoma ukurasa mzima bila kukwama. Nilifika nyumbani nimevimba kichwa. Mama alikuwa amekaa pale chini ya dirisha, akaniambia, “Njoo tuanze, Kidoa atatukuta njiani.” Akafungua kitabu. Siku hiyo bata alikuwa amealikwa mahali na hakuwa na viatu vya kumstahili. Ndivyo alivyoanza.

Nilitazama chini ya picha. Kwa mara ya kwanza zile alama zilisema kitu. Nikaweka kidole changu chini ya maneno nikamwambia, “Mama, hapakuandikwa hivyo. Hapa pameandikwa, Bata ana kofia. Basi.”

Akasema, “Kumbe,” akanipa kitabu mapajani. “Basi soma wewe.”

Nikasoma. Bata ana kofia. Kofia ni nyekundu. Upepo unavuma. Kofia inaruka. Nilikisoma chote, kidole chini ya kila neno, bila kosa. Zilikuwa sentensi kumi na mbili, moja kila ukurasa. Nadhani hazikuchukua dakika tatu. Ya mwisho ilikuwa, Bata hana kofia, na hapo palikuwa na kofia yako, nami niliipita bila kusema kitu kwa sababu haikuandikwa.

Mama akauliza, “Ndiyo hayo tu?”

Nikasema, “Ndiyo hayo tu.”

Akasimama, akakiweka juu ya kabati. Wewe ukaingia na sabuni.

Ulipokuja kuniuliza kwenye kamba za nguo, nilijua jibu lililo sahihi. Sijawahi kulijua jibu kwa uhakika kiasi kile. Lakini ulikuwa umelia, na mkono wako bado ulikuwa na doa la penseli, na nikaona kwamba wewe una kosa lako tayari, dogo, linalokutosha. Nikakuachia na langu. Nilisema ndiyo.

Nilitaka kukwambia ulipopata kazi yako ya kwanza ya kuchora. Nikataka tena ulipoolewa, na tena Baba alipofariki. Kila mara niliona wakati umepita, kisha nikangoja upite zaidi. Maisha yangu yote ya kazi nimewasahihisha watoto wa watu kwa wino mwekundu, na hili moja sikulisahihisha. Na sasa unaniambia kwamba mikono yako ilikataa kuchora penseli miaka thelathini.

Nakuomba, mwondolee mtoto yule penseli. Nichore mimi mahali pake, na kidole changu chini ya neno. Utanijua, unanijua vizuri. Mwambie mchapishaji kosa ni la mwandishi wa maneno, hakuna atakayeshangaa.

Kaka yako

24 Aprili. Naongeza mistari hii michache. Barua hii ilikaa mfukoni mwa koti langu siku kumi na tatu. Nilikwenda posta mara tatu. Mara ya kwanza nilinunua stempu. Mara ya pili niliibandika. Najua tarehe kumi na nane imepita. Ninaituma leo.

*

30 Aprili

Kaka,

Vitabu nililetewa Jumatatu. Barua yako ilifika Alhamisi.

Ni nakala elfu tatu. Kiwanda kimefanya kazi nzuri, rangi nyekundu imetoka jinsi nilivyoitaka, na penseli inaonekana wazi hata ukisimama mlangoni. Nimempigia mchapishaji. Ameniambia, kwa upole, kwamba vingine viko kwenye malori.

Siku mbili sikufanya kazi. Nilikaa nikamtazama yule mtoto wa ukurasa wa mwisho. Nilimchora vizuri, ndilo linaloniuma. Nilimpa mabega ya mtu aliyekosa. Nilijua hasa yanavyokaa.

Sikuchukii. Nimejaribu, kwa sababu ingekuwa rahisi. Ulikuwa na miaka minane na ulikuwa umefurahi. Hilo la kwanza nimekusamehe kabla sijamaliza kusoma ukurasa. Hilo la pili, la kamba za nguo, nalo ulikuwa mtoto. Lakini siku kumi na tatu za mfukoni ulikuwa na miaka sitini, Kaka. Hizo sijui nizifanye nini.

Nakutumia nakala moja. Hutaki Mama asomewe. Sasa najua kwa nini, na sasa ndiyo nataka. Msomee wewe. Yeye haoni, kwa hiyo maneno yako hayatamtosha. Itakubidi umweleze picha. Na ukifika zile kurasa mbili, usiziruke.

Kidoa

*

17 Mei

Mdogo wangu,

Nilifanya ulivyosema. Nilichelewa wiki moja, lakini nilifanya.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Mama alikuwa amekaa kitandani kwake karibu na dirisha. Nilimwambia, “Mama, Kidoa ametoa kitabu, ameniagiza nikusomee.” Akasema, “Wewe?” Nikasema mimi. Akazima redio.

Nilisoma maneno yangu. Nilisoma kwa utaratibu, na akawa anaitikia, mm, mm, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Nikafika kurasa zako mbili, nikanyamaza.

“Mbona kimya?”

“Hapana maneno hapa, Mama.”

“Sasa kuna nini?”

“Kuna mwanamke ameshika kitabu. Watoto wawili wamekaa.”

“Wamekaaje?”

Ndipo nilipotazama. Ulikuwa umesema kweli: nilizipima ukubwa tu. Msichana ameshika upindo wa gauni la mama yake na jicho lake liko kwenye kitabu. Mvulana hatazami kitabu hata kidogo. Anatazama mdomo wa mama yake, na wa kwake umefunguka nusu, kama anayetaka kuyawahi maneno kabla hayajatoka. Sikukumbuka kwamba niliwahi kuwa hivyo. Wewe ulikumbuka, ukanichora, ukanitumia, nami nikakuandikia habari za saa ya ukutani.

Nilimwambia Mama haya yote, kwa kukwamakwama. Nilimwambia kwamba mama wa kwenye picha anasoma habari za bata aliyealikwa karamuni.

“Hapakuandikwa hivyo,” akasema Mama.

Nilidhani nimesikia vibaya. Alikuwa akicheka, bila sauti, mabega yanatikisika. “Hakualikwa karamuni. Alialikwa kortini, kuwa shahidi. Ndiyo maana alitaka viatu. Wewe ulinikatiza.”

Basi nikamwuliza. Nilimwuliza kama aliumia siku ile.

Alisema, nami ninayaandika maneno yake kama yalivyotoka: “Niliumia, mbona nisiumie. Lakini nilifurahi pia. Nilisema, huyu amefika, sasa nyumba ina msomaji. Nikakiweka juu ya kabati ukishushe wewe, umsomee mdogo wako. Ukipanda kiti ulikuwa unafika. Nikangoja. Siku zikaenda, hukupanda kiti. Nikasema labda na yeye amekiona hakina kitu.”

Nilikifunga kitabu chako, nikakiweka kando.

Kisha akaniambia niinamie chini ya kitanda, kwenye sanduku la chuma, nitoe kilichofungwa ndani ya foronya. Ni kile kitabu. Kingo zimeliwa na mende na bata amefifia akawa rangi ya chai. Mama alikipokea, akakigeuzageuza, akakifungua nyuma, akapitisha kidole juu ya ukurasa wa mwisho polepole mpaka kikasimama.

“Kofia hii hapa,” akasema. “Alikandamiza penseli kama anayechimba. Kwa hii najua mwisho wake ni upi, nisije nikakishika juu chini.”

Niliweka kidole changu hapo. Ni kweli, Kidoa. Rangi imekwenda, maneno yaliyopigwa chapa ukiyapapasa huyasikii, lakini kofia yako bado inashikika.

Nilidhani utapenda kujua kwamba hakuwahi kuikasirikia. Nilimwuliza. Alisema kitabu kile kilikuwa kinamalizika vibaya mpaka ulipokitengeneza.

Akakigeuza, akakifungua mwanzo, akaanza. Macho yake yalikuwa dirishani na kidole chake juu ya picha, wala hakikukosea mahali. Shahidi alifika kortini bila viatu. Hakimu akawa jongoo, naye kuhusu viatu alikuwa na mengi ya kusema. Sikumkatiza. Nilikuwa na kalamu mfukoni na sikuitoa. Nilikuwa nikitazama mdomo wake.

Alipofika kwenye mtu wa baiskeli, akakoma hapo. Aliinamisha kichwa kuelekea mlangoni, kama anayesikiliza hatua za mtu.

Nikamwambia, “Endelea, Mama.”

“Tumngoje mdogo wako,” akasema. “Ametumwa sabuni.”

Sijui kama alikuwa amesahau miaka yote hii, au alikuwa anaikumbuka kuliko mimi. Sikumwuliza. Nilisema, “Haya, tumngoje.”

Tangu siku hiyo hajaendelea, hata nikimbembeleza. Anauliza kila alasiri kama umerudi. Kitabu kiko juu ya mto wake, kimefunguliwa kwenye baiskeli, na amenikataza kukifunga.

Njoo upesi. Barua hii nimeitia posta siku ile ile niliyoiandika.

Kaka yako